Upepo wa Kioo

Pikapu ya mume wangu ina kila aina ya upepo isipokuwa ule unaohitajika. Ukiwasha feni inakupuliza miguuni mpaka vidole vinakauka, inakumwagia vumbi la mbao kifuani, lakini kioo cha mbele haikigusi kabisa. Hilo hatukuwa tukilijua. Tulioana kiangazi, na tangu hapo mvua ya maana ilikuwa haijanyesha Tanga, kwa hiyo hapakuwa na aliyeuhitaji upepo wa kioo. Tulikuja kulijua asubuhi moja ya masika, asubuhi aliyofariki mama.

Idarusi, mdogo wangu, alipiga simu kutoka kijijini Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, kabla hakujapambazuka vizuri. Alisema mama ametangulia, wazee wameshakaa na watazika baada ya sala ya adhuhuri, na mama mkubwa anauliza kama nitawahi. Nilijua anauliza kuwahi nini. Mama yangu, Bi Mwanamkasi, ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wa Ushongo wanapofariki, miaka na miaka, na kazi hiyo alinifundisha mimi. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alinishika mkono akaniambia, "Siku yangu uwe wewe, Nasra. Nimewasitiri wengi. Na mimi nisitiriwe na wangu." Nikamwahidi. Sikuahidi ili kumridhisha mgonjwa. Niliahidi kwa kuwa ndivyo nilivyotaka mwenyewe.

Basi tukatoka nyumbani Nguvumali, Mudathir kwenye usukani, mimi pembeni yake na leso za kujifunga wakati wa kuosha. Mudathir ni fundi seremala. Pikapu aliirithi kwa baba yake ikiwa imeshazeeka, na huibebea vitanda na makabati, kwa hiyo ndani inanuka vanishi hata ukiiacha milango wazi kutwa. Nilishamwambia aiuze. Huwa ananijibu kwamba injini bado nzima, kana kwamba mimi hukalia injini.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshauacha mji nyuma, kwenye barabara ya Pangani. Tulipopandisha vioo vya milango tu, kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu kwa ndani. Nikaufuta kwa leso, ukarudi. Nikafuta tena, ukarudi kabla sijakunja mkono. Mudathir akawasha feni, akasukuma kile kishikio cha kuelekeza upepo juu kwenye kioo. Kikafika katikati kikagoma. Akakilazimisha, kikagoma vilevile, na upepo ukaendelea kutupuliza miguuni.

Tulijaribu kila tulichowahi kusikia. Nilisugua kioo kwa kipande cha sabuni kavu, dawa ya madereva wa zamani, tukapata kuona kwa muda mfupi, kisha tukawa na ukungu na utelezi wa sabuni juu yake. Tukateremsha vioo, mvua ya upande wa baharini ikanipiga usoni mpaka kiti kikajaa maji, na mbele bado hakuonekani. Muda wote huo nilikuwa nikitazama saa kwenye simu na kumhimiza mume wangu aongeze mwendo. Namhimiza mtu asiyeona anakokwenda. Ndivyo nilivyokuwa.

Bodaboda aliyebeba magunia ya mkaa tulimwona alipokuwa ameshafika kwenye bampa. Mudathir akakata usukani, tairi likaingia majanini, gari likasimama. Bodaboda akapita akitutukana, na haki yake. Mudathir akazima injini, akaweka mikono mapajani.

"Siendi hivi," alisema. "Sitakuua wewe ili umuoshe mama."

Nikamjibu kwa maneno ambayo mke humwambia mumewe mara moja tu, na siyarudii hapa. Nikashuka kwenye mvua, nikasimama barabarani nikipunga leso. Gari la kwanza lilipita likanirushia tope. La pili halikuja. Nikapiga simu kwa Idarusi nikamwomba awaombe wazee wangoje, nikamsikia anavuta pumzi. Akasema atajaribu, lakini joto la huko ni kali hata kukinyesha na mama hawezi kulazwa mpaka jioni. Nikarudi garini nimelowa chapachapa, sina pa kwenda. Sijawahi kujiona mnyonge kama nilivyojiona pale, safari fupi tu kutoka kwa mama yangu na siwezi kumfikia kwa sababu ya jasho la kioo.

Mudathir alikuwa ameshatoa bisibisi chini ya kiti. Akifanya kazi huongea peke yake, na pale pia aliongea, taratibu, vile anavyoongea na mtoto wa meza asiyetaka kuingia. Feni inavuma, kwa hiyo umeme upo. Upepo unatoka miguuni, kwa hiyo haujaziba kote. Akafungua kile kisanduku cha kuwekea makaratasi mbele yangu, akakitoa chote, nyuma yake likaonekana boksi jeusi la plastiki ambalo feni hupitishia hewa. Akanituma nisukume kishikio huku yeye anamulika kwa simu. Waya ukavutika vizuri, kwa hiyo haukuwa umekatika. Waya huo huvuta kimkono kidogo ubavuni mwa boksi, na kimkono hufungua kibao cha ndani ili hewa ipande kwenye kioo. Kimkono kilikwenda nusu kikasimama. Nikasukuma tena, kikasimama palepale.

"Waya mzima," alisema. "Kuna kitu kimekaa kwenye kibao."

Akachomoa bomba linalopandisha hewa kwenye kioo. Mkono wake haukuingia. Viganja vya Mudathir ni vya randa na msumeno. Ukaingia wangu. Niliuzamisha mpaka kiwikoni, shavu limebanwa kwenye plastiki inayonuka vanishi, nikagusa kitu kikavu, chepesi, kinachopasuka kidogo kidogo. Nikadhani ni kiota cha panya na nusura niutoe mkono. Lakini saa ilikuwa inakwenda, nikashika nikavuta. Kilikuwa kimenasa kwa uzi. Nikavuta kwa nguvu, uzi ukakatika, na ndani ya boksi kibao kikagonga, pa!.

Nikafungua kiganja. Kilikuwa kikuba.

Siku moja kabla ya harusi yetu mama alikuja kutoka Ushongo na kapu la asumini na mrehani. Aliposikia bibi harusi atapelekwa kwa pikapu, alifungua mlango, akanusa, akafunga. Akasema, "Mwanangu haingii kwa mumewe ananuka vanishi." Alikesha akiyafunga maua hayo kuwa vikuba na kuvinyunyizia marashi, akavibandika kwenye viti, kwenye usukani, kila palipo na pa kushikia. Kimoja alikizungushia kipande alichochana kwenye leso yake mwenyewe, akakipenyeza kwenye tundu lililo chini ya kioo cha mbele, pale ambapo wavu wake ulikuwa umevunjika, akisema upepo ukivuma utamletea bibi harusi harufu usoni. Tulimcheka sana. Baada ya harusi tulivikusanya vikuba vyote tukavitupa, na hicho, kilichokuwa kimeteremka ndani, hakuna aliyekikumbuka.

Maua yalikuwa yamegeuka kahawia kama majani ya chai. Kipande cha leso kilikuwa bado na rangi yake, ile ya zambarau aliyokuwa akiipenda. Nilimkasirikia mama yangu, maiti, amelala ananingoja. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniacha ninuke vanishi, kwani vanishi humdhuru nani. Kisha hasira ikaisha yote mara moja nikabaki sina kitu cha kushika ila yale maua.

Mudathir alikitazama akakijua. Akarudisha bomba, akawasha gari, akasukuma kishikio, kikaenda mpaka mwisho. Ukungu ukaanza kuondoka chini ya kioo, ukapanda polepole, tukaiona barabara. Na upepo ulitoka na vumbi la asumini iliyokauka, harufu ndogo sana, ndani ya ile vanishi. Hapo ndipo nilipolia.

Pangani tulikuta kivuko kiko ng'ambo. Tukangoja, kioo kikavu, tukiona vizuri kabisa jinsi kivuko kilivyokuwa hakiji. Idarusi akapiga. "Wameanza, dada," alisema. "Wazee wamekataa." Nikamwambia amwambie mama mkubwa asiharakishe. Sikuwa na jingine la kuomba.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamejaa barazani chini ya miavuli, wakanipisha. Nikapita mbio mpaka chumba cha nyuma. Wanawake walikuwa wameinua shuka juu ya kitanda cha kuoshea, na mama mkubwa, dada yake mama, amekunja mikono ya gauni. Nikaona nywele za mama zimefumuliwa na zimelowa. Nikajua nimechelewa, nikasimama mlangoni.

Mama mkubwa hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye ndoo iliyokuwa imefunikwa sinia.

"Maji ya kafuri yamebaki," alisema. "Nimeyazuia. Njoo."

Nikajifunga leso, nikanawa, nikaingia chini ya shuka. Nilimmiminia yale maji ya mwisho upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, mkono ukipita chini ya nguo iliyomfunika, bila kumfunua, kama alivyonifundisha. Alikuwa mwepesi. Nikamfuta maji, nikamsuka nywele mafungu matatu nikazilaza nyuma, na hakuna aliyenielekeza.

Tulipokuwa tunamvika sanda mama mkubwa aliniinamia sikioni akaniuliza ni nini kilichotuchelewesha kiasi kile, siku kama ile. Kikuba kilikuwa nimekifunga kwenye pindo la leso yangu, kiunoni. Wanawake wote walikuwa wananitazama.

Nikamwambia ni gari.