Vigae Juu ya Shimo

Kitu cha kwanza alichokiona Mama Spana aliporudi nyumbani ni kitrekta cha mtunza uwanja wa mpira, alichoachiwa akitengeneze, kimewekwa uani, kimefunikwa shuka la maua kama mgonjwa wa surua.

Kilikuwa kimenyeshewa. Shuka halijui kazi ya turubai, na maji yalikuwa yameteremka hadi kwenye kabureta, ileile aliyoisugua kwa mswaki kabla hajaondoka kwenda kumhudumia bintiye aliyejifungua. Mama Spana alitua begi. Akalitazama banda lake. Akalitazama tena, maana lililosimama pale lilikuwa na pazia.

Sasa tuelewane kuhusu hilo banda. Hakulijenga fundi wa kukodi. Alilijenga yeye mwenyewe, mjane mwenye nyundo moja na ubishi wa kutosha, kwa vitu ambavyo wenzake walikwisha kuviaga: nguzo za umeme zilizooza ncha, mabati ya paa lililoezuliwa na upepo, dirisha la basi ambalo lilikuwa bado linateleza, na mlango uliopigiliwa kwenye fremu ya kitanda cha chuma. Liliinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea, lakini halikuwahi kuvuja. Na katikati ya sakafu palikuwa na shimo. Kitrekta cha kukatia nyasi kimekaa chinichini kama kobe, na magoti ya Mama Spana yalishagoma habari za kulala chali uvunguni. Basi kitrekta kilisimama juu ya shimo, yeye akashuka kwa ngazi, akafanya kazi wima kama mtu na heshima zake.

Alisukuma mlango. Harufu ya rangi mpya ikampokea. Kitanda. Zulia dogo la miguuni. Mto uliotariziwa neno PUMZIKA. Na sakafuni, ukuta hadi ukuta, vigae vyeupe vinavyong'aa kama meno ya bandia.

"Shikamoo, Shangazi. Umeonaje?"

Alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Ramani kwa kuwa hakufanya lolote bila kulichora kwanza, na mengi yaliishia kwenye mchoro. Bahati mbaya hili halikuishia huko.

"Marahaba. Shimo langu liko wapi?"

"Tumelijaza. Kifusi, kokoto, zege. Hata tembo akikanyaga halitikisiki."

"Nimekuuliza habari za tembo?"

Kaka yake alitokea na kikombe cha chai, mkewe nyuma yake, wote wawili wakitabasamu kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

"Dada, tulikaa kikao," alisema kaka.

"Kikao cha nani?"

"Cha familia."

"Na mimi ni wa familia gani?"

"Wifi yangu, tulitaka ikushangaze," mkewe akaingilia.

"Imenishangaza. Sijawahi kushangaa namna hii tangu nizaliwe."

Kaka alikohoa kidogo, akavaa sauti yake ya kikao. "Umri umekwenda, dada. Watu wanatusema. Eti dada yao anashinda shimoni kama panya buku na wao wanamtazama. Sasa wewe ule, ulale, upate na kaupepo. Utake nini tena?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Mbona hukuwekewa vigae?"

"Mimi nina shughuli zangu."

"Zipi?"

Kaka akafikiri. Alizama huko kwenye kufikiri mpaka mkewe akaona aibu, akamrushia kamba. "Anasikiliza taarifa ya habari."

Mama Spana hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka mpaka ashike ukuta. "Spana zangu?"

"Zimo kwenye boksi la viatu, uvunguni," wifi akajibu kwa fahari. "Nimezifuta mafuta yote. Zilikuwa zinachafua."

Mama Spana alifumba macho. Spana iliyonyimwa mafuta ni kutu inayosubiri mvua.

"Na mtunza uwanja? Nilimwahidi atakuta kitrekta chake kizima nikirudi. Hajaja kuulizia?"

"Alikuja," alisema Ramani. "Mara mbili. Nikamwambia Shangazi amestaafu."

Hata kuku aliyekuwa anapekua karibu na begi alisimamisha mguu.

"Nani kakwambia nimestaafu?"

"Si... chumba kimekwisha."

Hapo ndipo maneno yalipomwisha Mama Spana, na ndugu zake wakafanya kosa la kudhani na hasira imekwisha. Alivuta boksi la viatu uvunguni. Akaenda kwenye kitrekta, akalitupa shuka kule, akamwaga maji ya kabureta, akakausha plagi kwa upindo wa gauni lake la safari. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Kaka akamnong'oneza mkewe, "Anakirudisha kwa mwenyewe. Nilikwambia ataelewa."

Mama Spana alilaza mbao mbili kwenye ngazi za nyumba kubwa ya familia, akafungua mbawa zote mbili za mlango wa sebule, akapanda kitrekta, akaingia nacho ndani. Magurudumu ya mbele yalipanda kochi la watu watatu bila wasiwasi, yakatulia pale pua juu. Akazima, akazuia magurudumu ya nyuma kwa matofali, akavuta kigoda.

"Dada, hiyo ni sebule," kaka alisema mlangoni.

"Nimeona. Ina mwanga mzuri."

"Na hilo ni kochi."

"Kimo chake safi kabisa."

"Oili itamwagika kwenye zulia, wifi yangu."

"Itamwagika, ndiyo. Kaeni kikao."

Akaanza kazi. Akafungua visu vya kukatia nyasi, akavilaza juu ya kitambaa cha meza. Mkanda wa zamani wa kuvizungusha akautundika kwenye kona ya televisheni. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, kaka alikaa kwenye kiti pekee kilichobaki, na msomaji alipofungua tu kinywa, Mama Spana akaona ni wakati mzuri wa kuijaribu injini. Moshi ulijaza chumba. Wifi alitoka mbio akiwa ameziba pua kwa mtandio, akapaza sauti kutoka uani:

"Baba Ramani, mrudishie mwenzio shimo lake kabla sijahama mimi!"

Kaka alizima televisheni. "Ramani, lete nyundo."

"Baba, ngoja kwanza nichore..."

"Nyundo."

Walitoa kitanda nje, na Mama Spana akakikalia, mto wa PUMZIKA chini ya visigino, akiwatazama wakivunja vigae. Hasira haikuwa imemtoka; ilikuwa imekaa tu mahali pazuri pa kuonea. Zege lilikuwa gumu kweli, Ramani alilisifia haki. Kaka alipumzika kila baada ya pigo.

"Dada, sisi tulikupenda tu," alisema akihema.

"Najua. Mngenichukia mngevunja mlango basi. Upendo ndio uliotia zege."

Shimo lilipofika kifuani mwa Ramani akiwa amesimama ndani akitupa kifusi nje, mikono yake ilikuwa na malengelenge. Aliuliza kama inatosha. Mama Spana alivua viatu vya safari, akashuka kwa ngazi, akasimama wima katikati.

"Mnaniona?"

"Tunakuona, Shangazi," Ramani akajibu kwa matumaini.

"Mnaona nini?"

"Kichwa na mabega."

Mama Spana akapanda juu, akampa kaka yake sururu.

"Nikiwa kazini humu hamtakiwi kuona hata kilemba. Chimbeni."