Simu Imejaa, Nyayo Zinangoja

Siku hiyo mpumbavu alikuwa Oundo, na mwenyewe hakatai. Anabisha tu kuhusu kiasi.

Ndovu walikuwa wamepita kwenye shamba lake la pojo hapo Maungu, wakala, wakakanyaga, wakaenda zao bila hata kurudishia lango. Walipokuja mara ya kwanza, mvua ilifuta nyayo kabla ofisa wa wanyamapori hajafika, na dai la fidia likafia hapo hapo. Bila picha, nani atajua kama ni ndovu au ng'ombe wa jirani? Safari hii Oundo aliapa kwamba picha zitapatikana. Akavua kofia yake kuukuu ya reli, akailaza kando ya unyayo ili ukubwa uonekane, akainua simu.

Simu ikamwambia memori imejaa.

Juu ya mlima Kasigau wingu lilikuwa limeshaiva.

"Futa zile picha za maua," akasema mkewe, Ajiambo. "Maua mia mbili ya kukutakia asubuhi njema, unayapeleka wapi?"

"Sauti ya marehemu baba imo humo katikati, na sijui ni wapi. Sifuti kitu."

"Basi hizo nyayo zipige picha kwa macho."

Oundo akamkimbilia jirani yao Gertrude, Mama Sylus, mwenyeji wa Werugha anayeuza mboga kando ya barabara, akamweleza shida ya simu na ya sauti ya baba. Simu ya Gertrude ilikuwa na nafasi tele, ila kamera yake ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Gertrude akaziunganisha simu mbili, bila waya, bila bando.

"Picha na sauti zote zinakuja kwangu, Baba Lynn. Zikishafika, unafuta zako. Kaa hapo."

Oundo hakukaa. Miaka kumi na tisa aliyofanya kazi stesheni ya reli alikuwa akiongea na wenzake wa Voi kwa simu ya upepo, na hakuna siku upepo ulimwambia akae. Kitu kikitumwa hewani, si kinakwenda tu? Akashika njia ya shamba, simu mkononi, ili zikimaliza kwenda awe ameshafika.

Alipofika penye kofia, akakuta utumaji umekatika. Zilizokwenda ni tisa. Zote maua.

Tone la kwanza likaanguka kwenye kofia.

Akarudi mbio, pumzi juu. "Zimekatika!"

"Si nilikwambia ukae?"

"Mimi nilikuwa naongea na Voi kutoka hapa hapa Maungu!"

"Ulikuwa na mlingoti wa redio, Baba Lynn. Hii ukivuka ua tu, imeshakusahau."

"Itachukua muda gani?"

"Robo saa."

"Mvua haina robo saa."

Ajiambo, aliyekuwa amefika nyuma yake akicheka, akaacha kucheka. Akamwaga sukuma wiki za Gertrude mezani, akanyakua karai lililobaki tupu, akatimua mbio kuelekea shambani. Gertrude akaanzisha utumaji upya, akaweka simu yake bega kwa bega na ya Oundo, wakaanza wote wawili kumfuata Ajiambo pole pole, kama maharusi wanaoingia kanisani. Mvua ikawanyeshea. Gertrude akazifunika simu kwa leso. Asilimia arobaini. Sabini. Hakuna aliyemwacha mwenzake hatua moja.

Walimkuta Ajiambo amekalia karai, amelowa chapachapa, unyayo uko chini yake.

"Imefika mia," Gertrude akasema. "Usifute kwanza. Sikiliza."

Akatafuta kati ya sauti zilizoingia kwenye simu yake, akabonyeza. Sauti ya mzee ikatoka, kavu na ya haraka: "Oundo, umekula?"

Oundo akafuta zote kwenye simu yake. Ajiambo akainuka, karai likaondoka, na unyayo ukawa pale, mkavu, mpana kuliko kofia mara mbili. Oundo akaupiga picha kumi na mbili kabla maji hayajaujaza.

Kibandani kwa Gertrude, wakikamua nguo, akili zikamrudia Oundo, na ubishi pia.

"Sasa nirudishie vitu vyangu."

"Sauti ya mzee nimeshakutumia."

"Zote, Mama Sylus. Na maua. Watu walinitumia kwa mapenzi."

"Baba Lynn, hata sasa?" Ajiambo akauliza.

"Simu ni yangu, maua ni yangu. Mtu hawezi kupokonywa salamu zake eti kwa sababu ya ndovu!"

Gertrude akaokota kofia iliyolowa, akamvisha.

"Nakurudishia sasa hivi. Ila ndovu wakija tena kesho, utawapiga picha kwa hii kofia?"