Kompyuta Iliyosahau Kila Jioni

Asubuhi Ndanu alipowasha kompyuta, watu arobaini na mmoja hawakuwapo.

Alitazama pale alipowaacha jana, upande wa kulia wa kioo, kwenye faili aliyoiita KANISA. Palikuwa na ile picha ya kilima cha kijani na mbingu ya bluu, basi. Akazima, akahesabu mpaka ishirini, akawasha tena. Kilima kikamtazama. Jasho lilimtoka, ingawa jua lilikuwa bado halijafika kwenye mlango wa mabati.

Saiba ile, duka la kukodisha kompyuta mtaani Riruta Satellite, ilikuwa ya Boaz Murunga, nayo ilikuwa na kompyuta tatu. Boaz alikuwa amekwenda kwao Bungoma kupiga kura na kula Krismasi. Sasa ilikuwa wiki ya pili ya Januari, ghasia za uchaguzi zimezuka, barabara zimezibwa kwa mawe na magogo, na yeye hakuweza kurudi. Akamwambia Ndanu kwa simu ashike funguo. Kazi ya Ndanu ilikuwa kufagia, kupangusa vumbi na kufunga jioni. Lakini kwa miaka miwili alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma akitazama mikono ya wateja, mpaka akajua kuandika kwa vidole viwili.

Mashine za Boaz zilikuwa na siri yao. Alikuwa amechoshwa na virusi vilivyoletwa na flashi za watu, kwa hiyo aliweka Linux, ambayo virusi vya mtaani haviiwezi. Na kwa kuwa wateja walijua Windows peke yake, akaiweka Windows ndani ya hiyo Linux, ikakaa humo kama mgeni aliyepewa chumba kimoja.

"Hii ni kompyuta ya kujifanya, ndani ya kompyuta ya ukweli," alimwambia Ndanu. "Mteja anaona hii ya kujifanya tu. Wacha achafue vile anataka. Jioni tunairudisha vile ilikuwa siku ya kwanza. Umeshika?"

"Nimeshika."

Alimwonyesha jinsi ya kufunga. Bonyeza ule msalaba wa pembeni, kitatokea kibao chenye maneno. Weka alama kwenye kisanduku cha chini, halafu bonyeza kitufe cha kushoto. Maneno ya kile kibao yalikuwa ya Kizungu. Ndanu aliitikia kwa kichwa, akakariri mahali, maneno akayaacha. Kisanduku cha chini, kitufe cha kushoto. Kila jioni alifanya hivyo kwenye mashine zote tatu, akidhani ni kufagia kwa namna nyingine. Hakuuliza. Angeulizaje? Siku ya kuandikwa kazi alikuwa amemwambia Boaz kwamba alimaliza darasa la nane. Ukweli ni kwamba alitoka shule kule Kitui akiwa darasa la tano, mama yake alipougua, na hakurudi tena.

Na haya yote yasingetokea kama angenyamaza Jumanne, kama alivyozoea kunyamaza.

Jumanne watu waliofukuzwa makwao walikuwa wamejaa kanisani, hatua chache kutoka saiba. Wengine walitoka Kibera, wengine Kawangware hapo hapo, kila mmoja amepotezana na mtu. Mama Nanyama, aliyekuwa akipika uji pale, alipata nafasi kwenye gari litakalokwenda Kibera Alhamisi, lipitie na uwanja wa Jamhuri, ambako maelfu walikuwa wanalala. Alitaka kubeba majina, ayasome huko kwa sauti, anayetafutwa asikie. Alikuwa na kauntabuku, lile daftari nene, na kalamu mkononi. Ndanu akajisikia akisema, "Kwani mtaandika kwa mkono, mama? Mimi naweza kuwapigia chapa."

Watu waligeuka kumtazama. Lilikuwa jambo tamu. Aliionea haya ladha yake hata wakati ule.

Wakaja watatu watatu, wakamnong'onezea. Siku zile jina halikuwa kitu kidogo. Vijana walikuwa wanasimama njiani wakiitisha kitambulisho, na jina lililoandikwa humo, kwa kuwa linataja kabila, ndilo lililoamua kama utapita. Ndanu aliandika herufi moja moja, na aliyekuwa na haraka alimwambia, "Pole pole, hii mashine ni nzito."

Wa mwisho alikuwa fundi seremala aliyefukuzwa kwenye karakana yake Kawangware. Kwa siku sita pale kanisani alikuwa akiitika "fundi" tu. Aliinama mpaka ndevu zikamgusa Ndanu sikio. "Naitwa Oyoo," alisema. "Natafuta mtoto wangu, Valentine. Miaka saba. Alienda kwa nyanyake Kibera, upande wa Olympic, kula Krismasi. Nyumba imechomwa. Alikuwa na rinda ya njano." Akageuka kutazama nyuma. "Usisome kwa sauti."

Jioni Ndanu alifunga kama kawaida. Kisanduku cha chini, kitufe cha kushoto.

Sasa ilikuwa Jumatano, na Mama Nanyama alikuwa ameingia, flashi ya kuazima mkononi.

"Haya, msichana. Nitilie hapa majina, nitatafuta wa kuyatoa kwa karatasi."

"Mama, majina yamepotea. Stima ilikatika jana nikifunga."

"Stima gani? Kinu cha posho hapo jirani kilisaga mpaka saa kumi na mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa kwa laini."

"Labda ni huku kwetu tu."

Mama Nanyama akairudisha flashi kifuani. "Basi twende tuwaambie. Tutaandika upya."

Kule kanisani Mama Nanyama aliwaeleza watu. Aliyeanza kujibu ni Urbanus, mchonga mawe kutoka Machakos, mtu wa mzaha hata siku za msiba. "Kwani hayo majina yalikuwa na miguu?"

Hakuna aliyecheka. Oyoo alisimama. "Orodha ya jana iko wapi?"

"Imepotea," Ndanu alisema.

"Jina halipotei. Jina linapelekwa." Akasogea. "Wewe ni Mkamba, sivyo? Watu wenu wamepewa kiti huko juu serikalini juzi tu. Nani alikutuma utuandike?"

"Wee fundi, hata mimi ni Mkamba na tunalala mkeka mmoja," Urbanus alisema, lakini sauti ya mwanamke mmoja ilimfunika. Alisema jana aliona vijana wa steji ya matatu, wale wa kuitisha vitambulisho, wamesimama karibu na saiba. Ni kweli walisimama, walikuwa wakinunua sigara. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kabla uji haujapoa, familia mbili zilikuwa zimefunga mizigo na kutoka kwa mlango wa nyuma, watu tisa, kila mmoja na mstari wake kwenye orodha ya jana, bila kusema wanakwenda wapi.

Oyoo alikuwa anatia msumeno wake kwenye gunia. "Naenda Kibera na miguu yangu."

"Fundi, hapo barabarani wataitisha kitambulisho," Mama Nanyama alimwambia.

"Waitishe. Si jina langu tayari wanalo?"

Ndanu alitoka nje, akambipu Boaz. Boaz akapiga.

"Ulibonyeza nini?" aliuliza baada ya kumsikiliza.

"Ile ya kila siku."

"Kisanduku cha chini? Ndanu! Hiyo ndiyo inairudisha Windows siku ya kwanza. Kila kitu cha hiyo siku kinaenda. Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Na si inakuuliza kabla? Imeandikwa hapo, mbele ya macho yako." Sauti yake ikashuka. "Ngoja. Wewe huwa unasoma hayo maneno kweli?"

Ndanu aliugeukia ukuta.

"Aki wewe," Boaz alisema taratibu, na kule kutokemea kwake ndiko kulikomuuma. "Hayo majina hayawezi kurudi. Pole."

Aliporudi, Oyoo alikuwa amefika langoni, gunia begani. Ndanu alisimama mbele yake. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya mwanamume njiani.

"Si stima," alisema.

"Ongea, hatusikii!" Urbanus alimpazia sauti kutoka ndani.

"Si stima! Nilidanganya. Ni mimi nilifuta. Kuna maneno ya Kizungu hutokea pale ukifunga. Siwezi kuyasoma. Nilitoka shule darasa la tano."

Mtu mmoja akaguna, na Urbanus, ambaye hakuweza kujizuia, akasema, "Darasa la tano! Na jana anatuambia pole pole, ati mashine ni nzito! Kumbe mzito ni dereva!" Safari hii walicheka, hata waliokuwa na hasira, na kicheko kile kilimwagikia Ndanu kichwani kama maji ya kuoshea vyombo. Alikiacha kimwagike.

Oyoo hakucheka. "Mtu anaweza kujifanya mjinga."

"Njoo nikuonyeshe, fundi. Halafu uende."

Waliingia saiba watatu, yeye na Oyoo na Mama Nanyama, na wengine wakajaa mlangoni wakizuia mwanga. Ndanu alifungua faili mpya.

"Andika jina," Oyoo alisema.

"Jina gani?"

"Lako. Yetu umeshayamaliza."

Akaandika NDANU NYAMAI. Vidole viwili, herufi moja moja, na watu wote wakitazama uzito wake.

"Ongeza na darasa."

Akaongeza DARASA LA TANO. Akaihifadhi, ikakaa pale kwenye kioo, upande wa kulia. Kisha akabonyeza msalaba, na kile kibao kikatokea.

"Ngoja." Oyoo aliinama, akasoma akisogeza kidole kwenye kioo. Kumbe alikuwa amefika kidato cha pili. "Hapa wameandika zima mashine. Na hapa kwa kisanduku, rudisha mashine vile ilikuwa."

"Ni hayo tu?" Ndanu aliuliza.

"Ni hayo tu."

Miaka miwili alikuwa ameyapita maneno yale kila jioni kama mtu anayepita mbele ya mlango wa chifu, ameinamisha uso. Alidhani ni mengi na mazito. Yalikuwa machache, na seremala aliyenyimwa karakana yake ndiye aliyemsomea.

Aliweka alama, akabonyeza. Alipowasha tena, kilima cha kijani kilikuwa kitupu.

"Rudia," Oyoo alisema.

Akarudia, jina lake na darasa lake. Likaenda. Mara ya tatu Oyoo alimsogeza kando akafanya mwenyewe, akibonyeza kwa kidole kipana kilichopasuka kucha, na jina la Ndanu likaenda tena. Alikaa akikitazama kile kilima.

"Kwa hiyo hakuna mtu anayo hayo majina."

"Hakuna."

Aliteremsha gunia, lakini hakumtazama. "Umetutesa bure, msichana," alisema. "Ungesema tu asubuhi."

"Ndiyo," Ndanu alisema. Asubuhi wale tisa walikuwa bado wapo.

Mama Nanyama alimpeleka kanisani na kumtilia kalamu mkononi. "Andika wewe," alisema. Ndanu hakujua kama ni adhabu au ni huruma, na hakuthubutu kuuliza. Akapiga mistari kwa rula, akaweka namba moja mpaka arobaini na moja. Wakaja mmoja mmoja. Safari hii hakumwambia mtu pole pole. Alisema, "Naandika polepole, nisubiri," na wakamsubiri, wengine wakipumua kwa nguvu, mmoja akimsahihisha herufi mbele za watu.

Oyoo alikuja wa thelathini na mbili. Alisema jina la mtoto, umri, mtaa, rinda ya njano. "Na baba andika Gerishon. Hilo halina kabila."

Kalamu ilisimama. Ndanu alijua hana haki ya kumpinga mtu yule hata kwa neno moja.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "Valentine akiulizwa babake ni nani, atasema Gerishon?"

Oyoo alitazama mlangoni. Alitazama mikono yake.

"Andika Oyoo," alisema.

Alisimama pale mpaka herufi ya mwisho, akahakikisha.

Mama Nanyama alipokuja kuchukua kauntabuku, alihesabu kwa kidole. "Na hii mistari tisa mitupu?"

"Ni ya wale walioondoka."

"Huwakumbuki hata mmoja?"

Ndanu aliwakumbuka wawili. Mmoja alikuwa mama aliyemtajia jina herufi kwa herufi, asikosee. "Nawakumbuka," alisema. "Lakini hawakunipa mara ya pili."

Mama Nanyama alimtazama, akatazama ile mistari. "Sasa nikifika huko niulizwe mbona hapa hakuna majina, nitasema nini?"

"Sema ni mimi," Ndanu alisema.