Hema Lisilopitisha Upepo

Bichage, muuza maturubai wa sokoni Homa Bay, alikuwa amekaribia kukata tamaa. Mwanamke aliyesimama mbele yake na mtoto mgongoni alikuwa amefungua mahema yake yote, akavuta mishono, akanusa vitambaa, akapinda vyuma, na sasa alikuwa anaomba maji.

"Maji ya kunywa, mama?"

"Ya kumwagia hii tenti," Risper alisema. "Wewe shika huku chini, tuone kama itapitisha."

"Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Jembe ikivunjika nanunua ingine. Hapa nachagua mahali mtoto atalala."

Bichage alishika ndoo. Akaenda kuchota maji.

Asubuhi hiyo Risper alikuwa ametoka hospitalini. Mourine, binti yake wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuunga maneno mawili matatu, alikuwa amelazwa kwa nimonia kwa mara ya pili tangu mvua zianze. Daktari Gesare aliyewaruhusu alisema mtoto akinyeshewa tena, mapafu yake hayatastahimili. Mtafutieni mahali pakavu, alisema. Ni rahisi kusema. Daktari hakuwa ameona kibanda chao cha magunia na nailoni huko Macalder, kwenye kambi ya wachimba dhahabu, walikohamia Risper na mumewe Zablon baada ya mahindi yao kukauka shambani Ndhiwa. Mvua iliingia humo bila kubisha hodi, na usiku mama alilala amekaa, mtoto kifuani, ili angalau mmoja wao awe mkavu.

Ndiyo maana aliyadharau mahema ya urembo. Lile la buluu lenye vijiti vyembamba alilipinda kidogo tu likalia ka! akalirudisha mezani. Lile la kitambaa cha kijani lilikuwa na sura ya kazi, lakini alipolimwagia maji likaanza kutokwa na jasho upande wa pili. Mwishowe akaweka mkono juu ya lile zito kuliko yote. Lilikuwa la turubai nene la lori, lililoshonwa mara mbili, na sakafu yake ilikuwa imeungana na kuta. Mlango ulikuwa wa zipu iliyofunga hadi ukucha usipenye. Maji yalituama juu yake kama kwenye sinia.

"Hii hata upepo hauingii," Bichage alijigamba.

"Hiyo ndiyo nataka," Risper akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Nani angemlaumu?

Huko Macalder, Zablon alilisimika mahali palipoinuka, akachimba mtaro kulizunguka na kukita vyuma ardhini kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Watu walikuja kulitazama. Cliff, jirani yao aliyechimba shimo moja na Zablon, alikuja na mkewe Edith na kichanga chao, wakavua viatu kabla ya kuingia.

"Yawa! Hii si tenti," Cliff alisema akigusa ukuta. "Hii ni nyumba."

Mvua ya kwanza iliponyesha, Risper alipapasa sakafu kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe. Kavu. Mourine alilala bila kukohoa. Risper alilia kwa furaha, akajionea haya kwa kulilia turubai.

Sasa, kuna jambo la kazi ile ambalo ni lazima lielezwe. Mchimbaji akishaosha mchanga wake kwenye karai, huutia zebaki, yale maji mazito yanayong'aa, ili ishike chembe za dhahabu na kuzifanya tonge. Tonge huwekwa kwenye mkebe juu ya makaa. Zebaki huondoka na moshi, dhahabu hubaki. Pale kambini kazi hiyo ilifanywa nje, si kwa sababu mtu yeyote aliuogopa moshi, bali kwa sababu kwenye kibanda cha gunia hakuna siri; jirani hujua hata mboga uliyochemsha. Na nje kuna macho. Mwenye shimo anaona, broka anaona, shemeji anaona, na kila aliyeona ana shida yake ya kukueleza. Watu walichoma dhahabu yao wakiichukia kadamnasi, lakini walichoma.

Zablon sasa alikuwa na mlango wa kufunga.

Alasiri moja ya mvua alirudi amelowa chapachapa, ngumi imefumbwa. Akaifungua mbele ya mkewe. Tonge lilikuwa kubwa kama njugu. Tangu waje Macalder hawakuwa wamepata kitu kama hicho.

"Leta jiko ndani," alinong'ona. "Na ufunge zipu, Mama Mourine. Mpaka chini."

"Na mtoto?" Mourine alikuwa amelala pembeni, amefunikwa blanketi.

"Moshi ni kidogo tu. Kwani huko nje hatukai karibu nayo?"

Risper alitazama mvua iliyokuwa ikirukia mlangoni. Akayakumbuka maneno ya daktari. Akavuta zipu mwenyewe, mpaka chini.

Hata moshi wenyewe haukuonekana sana. Dhahabu ilibaki chini ya mkebe, ya manjano, na Zablon akacheka peke yake kama mtoto. Risper alihisi ladha mdomoni, kana kwamba amenyonya sarafu.

Jua lilipotua, wote watatu walikuwa wanakohoa. Mwili wa Mourine ulikuwa moto. Risper aliamini baridi imepata pa kupenyea, akaanza kuitafuta. Chini ya zipu alikuta upenyo mdogo. Akauziba kwa leso yake.

Kulipokucha mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa shida. Kwenye zahanati walimpima malaria, hawakuiona, wakawahimiza waende Homa Bay bila kupoteza wakati. Daktari Gesare alimpokea, akamwekea hewa, akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akawageukia wazazi.

"Hata nyinyi mnakohoa. Kuna kitu mlichoma ndani?"

"Hakuna, daktari," Zablon alijibu upesi. "Hii ni malaria tu."

Chini ya benchi alikuwa ameukanyaga mguu wa mkewe. Kisheria zebaki ilikuwa marufuku, na dhahabu ilikuwa bado ndani ya soksi yake. Risper alimtazama mumewe, akatazama sakafu, akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo kinaweza kumruka mfichaji na kumchukua asiyejua kuficha kitu.

Asubuhi iliyofuata, midomo ya Mourine ilipobadilika rangi, Risper aliropoka yote: tonge, jiko, mkebe.

Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Zebaki? Ndani ya hema lililofungwa?"

"Ni tenti mzuri, daktari. Ulisema tutafute pakavu. Hata upepo hauingii."

Daktari Gesare alimweleza taratibu, na upole wake ulimuumiza Risper kuliko matusi. Moshi ule ni sumu. Nje upepo huutawanya, ingawa hata huko si salama. Ndani ya hema lile haukuwa na pa kwenda isipokuwa vifuani mwao, na kifua cha mtoto ni kidogo. Walijaribu kila walichoweza. Mourine alifariki kabla ya adhuhuri.

Walimzika Ndhiwa, nyumbani kwa baba yake. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa na Zablon kwamba ni malaria, na waombolezaji wakatikisa vichwa, maana malaria kila mtu anaijua. Risper alisikia uongo ule ukirudiwa kutwa nzima. Alimchukia mumewe kwa kuusema, akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa palikuwa na sehemu ya moyo wake iliyoushukuru.

Walirudi Macalder kuchukua vyombo vyao. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Hema lilikuwa limesimama vile vile, hakuna chuma kilicholegea, na uimara wake ulimtia Risper hasira. Zipu ilikuwa imefungwa. Nje, wanaume kadhaa walikuwa wamechuchumaa mvuani, kila mmoja na ngumi yake imefumbwa, wakingoja zamu kama kwa kinyozi.

"Pole sana, Mama Mourine," mmoja wao, Angwenyi, alisema akiinuka. "Malaria ni kitu mbaya. Tumeazima nyumba kidogo. Cliff anamalizia kuchoma."

"Yuko peke yake?"

"Na Edith. Si kuna mvua? Angekaa wapi na mtoto?"

Risper hakungoja kutafuta zipu. Panga lilikuwa limelala juu ya kuni. Akalichukua, akalipiga hema ubavuni. Turubai lilikataa; alikuwa amelichagua vizuri. Akapiga tena, na tena, mpaka likapasuka kwa mlio mrefu. Edith alipiga kelele huko ndani. Risper alitupa panga, akaingiza mikono yote miwili, akamnyakua mtoto mapajani mwa mama yake, akatoka naye nje.

"Huyu amepata wazimu!" Cliff alifoka akichungulia kwenye mpasuko, anakohoa. "Zablon, shika bibi yako!"

Wote wakamtazama Zablon. Zablon alitazama viatu vyake.

"Si malaria iliua mtoto wangu," Risper alisema. "Ni moshi ya huo mkebe. Huyu baba yake ndiye alichoma, na zipu nilifunga mimi."

Edith alitoka akijikwaa, mikono mbele, uso umejaa machozi. "Nipe mtoto! Ananyeshewa, atashikwa na baridi!"

Kichanga kilikuwa kinalia kwa kifua chote, sauti nzima, bila kikohozi. Risper alimgeuza uso ukaelekea kule upepo ulikotoka, akarudi nyuma hatua moja ili Edith asimfikie.

"Wacha anyeshewe," alisema. "Wacha anyeshewe kabisa."