Ndogo Kuliko Kifungo

Mkaguzi alizima mashine ya bintiye kabla ya saa ya chakula, na mafundi kumi na wawili wakageuza shingo.

"Mama, shati halina kosa," binti alisema.

"Si shati. Inuka twende hospitali."

Binti akawaambia wenzake kuwa leo wamepata bosi mpya, wakacheka. Akaendelea kupanga mikono ya mashati.

Miaka kumi na minane mkaguzi alikuwa akikagua nguo pale. Vidole vyake vilijua fundo la uzi kabla macho hayajaliona. Na karakana ilikuwa na desturi yake: kasoro ndogo kuliko kifungo, ipite. Basi mwaka jana, akiwa anaoga, alipogusa kitu kigumu kwenye titi, alikipima kwa kidole kama alivyozoea. Kidogo kuliko kifungo. Akakipitisha.

Jana daktari alimweleza taratibu. Kila seli ya mwili hukaguliwa kabla haijajigawa. Kuna protini ambazo kazi yao ni hiyo: zikiona kosa, huizuia seli mpaka kosa lirekebishwe, likishindikana, seli huamriwa ife. Zake zilikuwa zimeharibika, na seli zikaongezeka ovyo bila wa kuzizuia. Tena huenda hitilafu ni ya kurithi, akasema, maana hata marehemu dada yake alikufa kwa saratani hiyo hiyo. Mtoto anaweza kuwa nayo, anaweza asiwe nayo. Damu ndiyo itakayosema.

Tangu hapo hakutulia. Alifagia chumba mara tatu. Chai ilipoa, akaipasha, ikapoa tena.

Sasa aliinama mpaka sikioni mwa binti.

"Mwanangu, daktari amekuta saratani kwenye titi langu, nawe inabidi upimwe damu. Mimi nilijua. Mwaka mzima nilijua, nikasema ni kadogo tu."

Binti alikata uzi, akakunja shati ambalo halijaisha, akaenda chooni. Akakawia. Mkaguzi aliketi, akasimama, akaketi tena. Msimamizi akauliza mara mbili kwa nini kazi imelala.

Binti aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Hiyo damu wanatoa kidoleni au mkononi? Sindano naiogopa mimi."

"Mkononi. Nitakushika."

Barabarani binti alitangulia, mbio mbio, aproni bado kiunoni, vipande vya nyuzi vimemganda mgongoni. Mama alitaka kumpangusa. Lakini kila aliponyoosha mkono, binti alikuwa ameshapiga hatua nyingine.