Mstari wa Pili wa Chokaa

"Nimetembea!"

"Umetambaa, Mihayo! Mshale umepita alama nyekundu zamani..."

"Dokta, nisikilize kwanza..."

"...na wewe bado uko katikati kama kinyonga!"

"Kinyonga mwenyewe! Humwoni aliyekaa pale?"

Dokta Bartholomeo akageuka. Na mimi nikageuka, saa mkononi. Kwenye benchi, karibu kabisa na mstari wa pili wa chokaa, alikaa mama mmoja kajitanda kanga mpaka puani, uso kaupa ukuta. Mama mkwe wake Mihayo. Alikuja zahanati ya mgodi kung'olewa jino.

Kila aliyekohoa vumbi alipimwa hivi: atoke mstari wa kwanza afike wa pili kabla mshale haujagusa alama. Akiwahi, anarudi shimoni. Akichelewa, anarudishwa kwao na kazi ndiyo imeisha. Alama niliipaka mimi, kwa rangi ya kucha ya Anar wa dukani. Chuo kikuu nilikiacha njiani, kwa hiyo wachimbaji waliniita Profesa.

Sasa, kwa Wasukuma mwanaume hamwendei mama mkwe mbiombio, kifua mbele. Anapunguza mwendo, anainamisha macho, anapitia mbali.

"Dokta," nikasema, "hapa tumepima heshima, mapafu bado."

Hakucheka. "Arudie."

Nikamfuata mama. "Shikamoo, mayu. Tunaomba usogee kidogo, mkweo apite."

"Marahaba. Si mngesema mapema!" Akainuka, akazunguka nyuma ya jengo, upesi tu, na jino lake bovu.

"Haya, Mihayo. Njia nyeupe hiyo."

Akaanza. Pale mbele hakukuwa na mtu, alikuwepo kuku tu. Mikono ilikwenda kama ya mtu anayekimbia, miguu ikabaki nyuma. Nikaangalia saa. Mshale ukafika kwenye rangi ya Anar, ukapita. Mihayo alikuwa katikati, palepale alipokuwa mara ya kwanza.

Dokta alikuwa anafuta miwani. Mimi nikatia saa ufunguo, ingawa ilikuwa imejaa.

Mihayo akafika, akashika benchi, akahema mpaka pumzi ikarudi. Akaangalia mstari. Akaangalia pale alipokuwa amekaa yule mama.

"Profesa," akasema polepole, "mwite mama mkwe arudi akae palepale."