Asitembee Mpaka Nirudi

Kila jioni Mama Bonge alirudi kutoka kiwandani na vipande vya uzi kwenye nywele, na kila jioni mama mkwe wake alimngoja mlangoni na neno moja tu.

"Umekosa!"

Bibi huyo majirani walimpachika jina la Redio, na hawakumwonea. Kwake habari haikulala. Jino la kwanza la mjukuu alilitangaza mtaa mzima: aligonga ufizi kwa kijiko, kikalia ti, akaita watu waje wasikie. Mpaka Mama Bonge anavua viatu, fundi viatu na muuza mkaa walikwisha kuligonga jino la mwanawe. Siku mtoto alipokaa bila kushikwa, "Umekosa!" Alipopiga makofi, "Umekosa!" Alipotambaa kutoka mkekani hadi jikoni, akanyakua kifuniko cha sufuria na kukibamiza sakafuni, "Leo ndiyo umekosa haswa!"

Kuna watu husema pole huku wanacheka, na kuna wanaocheka bila hata kujisumbua na pole. Redio alikuwa wa kundi la pili.

Si kwamba Mama Bonge hakuwa na chake. Kugeuka kulikuwa kwake. Jumapili moja asubuhi Bonge, wakati huo ana miezi minne, alijikunja, akajivuta, akapinduka kutoka chali hadi kifudifudi, kisha akainua kichwa na kuangaza macho kwa hasira kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Mama Bonge alicheka hadi machozi. Akamrudisha chali, akapinduka tena. Wakacheza hivyo mpaka maziwa yakamwagika jikoni na hakuna aliyejali. Wiki nzima alishona mifuko ya suruali za wanafunzi, mia mbili kwa siku, akitabasamu peke yake, hata msimamizi akamuuliza ana nini.

Furaha hiyo ndiyo aliyoitaka tena. Hatua ya kwanza iwe yake. Amemzaa, amemnyonyesha, anashinda ameinamia cherehani kwa ajili yake. Hatua moja ni kitu gani jamani?

Bonge alipofikisha miezi kumi na moja, Redio alimpokea mkaza mwanawe akiwa amejishika kiuno.

"Umekosa! Kasimama mwenyewe kwa kushika kiti, nusura aachie. Kesho kutwa huyu anatembea. Wewe endelea kushonea watoto wa wenzio mifuko."

Maneno hayo yalimkata maini. Mama Bonge akabwaga mkoba chini.

"Sasa nisikilize, Mama. Mtoto huyu asitembee mpaka nirudi. Mchana asiguse chini. Atatembea Jumapili, mbele yangu mimi niliyemzaa."

"Unamwambia nani hivyo?"

"Nakwambia wewe."

Baba Bonge, fundi wa kupaka rangi, alikuwa pembeni akisugua rangi ya kijani kwenye kucha. Ghafla akakumbuka brashi aliyoisahau kazini, akatoka. Mwanamume huyo alikuwa na brashi nyingi sana za kusahau.

Redio alimtazama mkwewe toka utosini hadi unyayoni. Kisha akasema, kwa adabu ambayo ingemtisha yeyote mwenye akili, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye mama. Ukishasema, mimi ni nani?"

Kuanzia siku ya pili yake, jioni zikawa kimya. Bibi alimfunga mjukuu mbeleko mgongoni mama mtu akiwa bado anafunga viatu, na jioni mama alimkuta palepale mgongoni. Alifagia naye, alifua naye, alikwenda naye dukani. Mgongo ukimuuma aliguna kwa sauti ili asikike, lakini hakumshusha. Chuki ina nguvu zake. Ilimtwisha mwanamke wa miaka sitini na kitu mzigo wa kilo kumi na mbili, wiki baada ya wiki, na hakuutua.

Mama Bonge alidhani ameshinda. Jumapili ilipofika alisogeza viti, akapiga magoti upande wa pili wa chumba, akatandaza mikono. "Njoo kwa mama!" Bonge alikunja miguu, akakaa, akainua mikono abebwe. Jumapili ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu alilia alipowekwa tu chini. Ya sita, mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja naye alipita mlangoni akikimbiza kuku, na Mama Bonge akashindwa kula.

"Mama, miguu yake ina nini?"

"Nitajuaje? Miguu hiyo ya kwenu. Kwetu watu hutembea mapema."

Akaomba ruhusa ya siku moja, akampeleka mtoto kliniki. Redio akafuata bila kualikwa. Muuguzi aliikunja miguu ya Bonge, akainyoosha, akamtekenya nyayo, akamsimamisha juu ya meza. Bonge akasimama kidogo, akakaa.

"Miguu mizima kabisa," alisema muuguzi. "Anashinda wapi mchana?"

"Mgongoni kwangu," alidakia Redio, kwa sauti iliyowatosha akina mama wote waliokuwa kwenye benchi. "Ni amri ya mama yake. Asiguse chini mpaka yeye atoke kazini. Mgongo umekwisha, nesi, lakini nimetii."

Benchi zima liligeuka. Mama Bonge alitamani sakafu ipasuke immeze. Muuguzi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mmoja kakataza kwa wivu, mwingine katii kwa ubaya. Huyu mtoto kawafanyia nini?" Akawarudishia mtoto. "Mwekeni chini. Asubuhi hadi jioni."

Wakashika njia ya kurudi. Mama Bonge alikuwa na matusi ya kumtosha mama mkwe hadi nyumbani na mengine yakabaki, lakini kila alipotaka kuanza alikutana na ile amri yake mwenyewe. Alimchukia Redio kuliko siku zote, na kibaya zaidi, hakuweza kumchukia yeye peke yake.

Jumatatu asubuhi aliichukua mbeleko, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba wake.

"Mshushe, Mama."

"Na akitembea?"

Mama Bonge alifunga mkoba. "Atembee."

Alhamisi ya wiki iliyofuata alirudi, akakuta hakuna mtu mlangoni. Ndani, Bonge alikuwa amelala kwenye mkeka, na nyayo zake zote mbili zilikuwa nyeusi kwa vumbi. Nyayo hizo hazikuwahi kuwa nyeusi. Redio alikuwa kwenye kigoda akichambua mboga, hakuinua macho.

"Katembea?"

"Katembea."

Mama Bonge aliketi sakafuni, viatu miguuni. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Ilimfurahisha pia, na hakujua aanze na kipi.

"Hatua ngapi?"

"Sikuhesabu." Redio alikitupa kikonyo kwenye ungo kwa hasira. "Nilikuwa nalia. Utahesabuje na macho yamejaa maji? Umeridhika?"

Mama Bonge hakumpenda hata chembe kwa jibu hilo. Lakini duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu aliyeiona hatua ya kwanza ya mwanawe, na mtu huyo ndiye huyu, na mwingine hangepatikana.

"Nisimulie," alisema.

Redio alichambua jani moja, akachambua la pili. Hakuwa na haraka. Alikuwa ameingoja siku hii.

"Kanawe kwanza. Unanuka mafuta ya cherehani."

Mama Bonge akainuka, akaenda kunawa. Aliporudi, mikono bado inachuruzika maji, Redio alikuwa amesogeza kigoda kando kumpa nafasi.

"Alikuwa ameshika kiti hiki hapa," alisema. "Akakiachia."